Otukei, Muuguzi wa Sindano za Jumatatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, Bw. Protus Otukei anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza kazi mwaka 1994 katika zahanati ndogo karibu na Malaba, kisha akaletwa kwenye kliniki yetu ya ini mjini Busia.

Wafanyakazi wapya humjua kwanza kwa kisanduku chake cha barafu. Umeme ukipotea, huhamishia dawa humo na kukipakata hadi urudi, hata mikutanoni, kama mgeni aliyeleta kuku wa zawadi.

Lakini heshima yake kubwa ilianzia mwaka 2016. Tulikuwa tumeanza kuwatibu wagonjwa wa homa ya ini aina ya B kwa interferoni, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa ukivamiwa na virusi, ili kuiamsha kinga. Sindano ilidungwa kila Jumatatu. Kinga ikiamka, joto hupanda na viungo huuma. Uvumi ukaenea kwamba tunawapa watu ugonjwa. Jumatatu ya tatu, kati ya wagonjwa ishirini na wawili, walikuja watano.

Otukei akanichukua mimi, Among, mwenzake wa zamu, tukaenda na kisanduku chake chenye dawa hadi Port Victoria kwa Mama Atyang, mgonjwa wetu na muuza samaki aliyesikilizwa na wenzake. Hakutukaribisha.

"Daktari, hiyo dawa inanichoma mwili mzima. Nyinyi mshawahi dungwa?"

Otukei akavua koti.

"Mama, mimi pia niko na hiyo ugonjwa, miaka sita sasa. Daktari wangu aliniandikia hii sindano, nikaogopa watu watajua. Among, nidunge."

Nilimdunga palepale, mbele ya meza za samaki. Kesho yake, akitetemeka kwa homa, alimpigia Mama Atyang simu kumweleza anavyojisikia. Jumatatu iliyofuata walirudi kumi na tisa, mama huyo akiwa mbele.

Matibabu yalipoisha, vipimo vya Mama Atyang havikuonyesha virusi tena, wala vya wenzake watatu. Vya Otukei vilionyesha virusi vimepungua tu. Hadi leo anameza vidonge. Aliyasoma majibu yake kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, akisema walistahili kujua kwamba si kila mwili huitikia.

Leo watu hutoka Mundika, Funyula na Malaba kuja kupimwa, na wengi humuulizia kwa jina.

Bw. Otukei, asante kwa kazi yako, na zaidi kwa ujasiri wako. Nenda nyumbani ukiwa umeinua kichwa. Tunakuombea afya, na siku nyingi za raha pamoja na wako.