Pua ya Mama Mwanvua na Miguu ya Daktari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya kliniki yetu ya watoto hapa Bwiza, Mama Mwanvua Rachid anastaafu. Alianza kwa kuosha chupa, akasomea kazi, akawa mkuu wa maabara. Kufoka hakufundishwa na mtu; alikuja nako kutoka nyumbani.

Kisa tunachokisimulia zaidi ni cha mwaka 2016. Danielle, muuza vitenge, alimleta binti yake Elsa, mwenye siku sita. Mtoto alitapika, hakunyonya, na kumwamsha ilikuwa kazi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mwanvua alikuja kumtoa damu, akanusa hewa, akamgeukia Daktari Jovithe.

"Docteur, toa viatu. Kanawe miguu."

Daktari akanawa. Harufu ikabaki. Akarudishwa bombani, safari hii na sabuni. Dereva wetu naye akafukuzwa nje bila kosa lolote. Hatimaye Mwanvua akamwinamia mtoto, akamnusa.

"Apana, si we. Harufu ya soseti iko kwa huyu mutoto."

Hapo daktari, akiwa peku, akakumbuka somo la zamani. Kuna watoto wanaorithi kasoro: mwili haumalizi kuvunja protini, hata ya maziwa ya mama. Asidi yenye harufu ya soksi za wiki nzima hurundikana na kuzidhuru mitokondria, zile sehemu ndogo za seli zinazoupa mwili nguvu. Wakasimamisha maziwa kwa muda, wakamwekea maji ya sukari mshipani, wakatafuta dawa ya kusaidia kutoa sumu. Mkojo ukatumwa ng'ambo kupimwa.

Siku tatu Mwanvua hakumfokea mtu. Tukazidi kuogopa. Siku ya nne Elsa alilia hadi wapita njia wakasimama, na Mwanvua akajificha nyuma ya friji ya maabara. Alipotoka akiwa na macho mekundu, alisingizia vumbi.

Majibu yalithibitisha ugonjwa. Tangu siku hiyo, kila mtoto mchanga aliyeingia hapa alinuswa. Wawili zaidi waliokolewa mapema. Mkaguzi mmoja naye alinuswa, kwa bahati mbaya, na hakufurahi.

Elsa sasa yuko darasa la nne. Atakaa meza ya mbele kwenye sherehe, na kipande chake cha keki kimeshapimwa, protini isizidi.

Mama Mwanvua, asante kwa watoto hawa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wavumilivu.