Vumbi la Mtaa wa Wayahudi

"Miaka kumi na tano sasa!" Mzee mwenye kofia ya manyoya aligonga mwavuli sakafuni mwa tramu. "Nina duka la keki pale mbele ya baraza la mji. Wamechimba shimo, na juu ya shimo eti wanajenga makumbusho ya Wayahudi! Si wangetafuta kwingine?"

Mama aliyeketi mkabala naye hakumjua, lakini alimjibu. "Kwingine wapi, bwana? Mtaa wetu ulikuwa hapo hapo. Mtaa si kiti, useme usogezwe."

"Wenyewe walishaondoka zamani."

"Waliondoka? Mwaka wa tauni, karibu miaka mia saba iliyopita, tulisingiziwa kutia sumu visimani, tukachomwa pamoja na nyumba zetu. Ndiko kuondoka huko?"

Kwenye kiti cha nyuma, Edeltraud Krings alijitia kusoma gazeti. Kazi yake ni kuosha vigae vya vyungu vya kale vinavyochimbuliwa katika shimo hilo hilo.

"Inasikitisha, sikatai," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayepita tu msibani. "Ila vumbi, mama! Tangu mwezi huu uanze nafuta vioo, meza, mpaka keki."

"Vumbi la saruji?"

"Saruji wapi! Jeusi, kama masizi."

Mama alimtazama mikono. "Unalifutia nini?"

"Tambara la vyombo. Kwani nini?"

Tramu ikasimama kwenye kituo cha Heumarkt. Mzee akashuka huku akijipangusa koti. Edeltraud akaficha mikono chini ya gazeti. Mwezi huu wachimbaji wenzake walikuwa wamefikia majivu ya nyumba zile zilizochomwa pamoja na watu wake, na kucha zake zilikuwa bado hazijatakata.