Kicheko Nyuma ya Ukuta

Kilikuwa kicheko kimoja tu, usiku, nyuma ya ukuta. Mzee Nikodemo alifumbua macho gizani akasubiri cha pili, nacho hakikuja. Asubuhi alikibeba kicheko kile hadi kijiweni kama mzigo asioujua uzito wake, na hilo lilimkera, maana alikuwa amezeekea kazini kwenye mizani ya barabarani pale Mpemba akipima malori, hata Tunduma nzima ikamwita Mizani. Kijiwe chenyewe ni ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya ringi mbili, mkabala na foleni ya magari yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Foleni isipotembea, maneno hutembea. Restuta alikuwa ameshabandika birika la kahawa ya Mbozi juu ya mkaa, ukungu umeshuka hadi kwenye taa za malori, na wenyeji wawili wamekwishakaa: Danford, aitwaye Kontena, ambaye siku zote anahangaikia karatasi za mizigo ya watu forodhani, na Osward, fundi injini, aitwaye Dizeli kwa sababu hata kanisani harufu humtangulia.

— Shikamoo mzee Mizani. Mbona leo umenuna? aliuliza Kontena.

— Marahaba. Mkwe wangu alicheka usiku.

— Na nani? Mumewe si yuko safari?

— Na kitabu.

Kontena akakiweka kikombe chini polepole.

— Kitabu gani hicho?

— Cha Kiingereza. Amepata nafasi ya chuo, Dar. Uzamili, miaka miwili. Fasihi ya kisasa ya Kiingereza na utamaduni.

Aliyasema maneno hayo moja moja, vilevile alivyoyapokea kwa mkewe. Maana kwao baba mkwe na mke wa mwana hawasemeshani, wala hawatajani majina. Ndiyo heshima waliyoikuta. Mkwe akiwa na neno humwambia mama mkwe, mama mkwe humwambia mzee, na jibu la mzee hurudi kwa njia ileile, hata kama mkwe yuko nyuma ya pazia la jikoni na ameshasikia kila kitu.

— Hiyo ni transiti! alisema Kontena. Mzigo unazunguka nchi tatu kwenda chumba cha pili.

— Na mwanao Lusajo mwenyewe anasemaje? aliuliza Restuta.

— Yuko na lori huko Zambia, hata simu haipatikani. Kabla hajaondoka alisema yeye ameridhika, watoto watabaki na bibi yao, lakini neno la mwisho ni langu. Mwisho wa kuondoka ni kesho, chuo hakimsubiri mtu. Mama Lusajo anataka jibu leo.

— Na wewe unasemaje, baba?

— Mimi nimekuja kunywa kahawa.

Restuta akammiminia.

— Ila mzee, tuulizane, alisema Kontena. Mkwe si mwalimu wa Kiingereza huyo? Anakijua. Sasa anakwenda kukisomea nini tena?

— Anakwenda kukisoma kwa ndani, alijibu Dizeli. Kuendesha gari siyo kulijua gari. Kule chuo wanachukua shairi, wanalilaza chini, wanafungua boliti moja moja, wanaziosha kwa petroli. Halafu wanalifunga upya. Sasa fundi yeyote atakwambia, ukifunga gia boksi, lazima boliti moja ibaki mkononi. Hiyo iliyobaki ndiyo unaiandikia kitabu, unavishwa joho.

— Na shairi linatembea bila hiyo boliti?

— Linatembea kuliko mwanzo!

— Wewe Dizeli huna unalojua, alisema Kontena. Nisikilizeni mimi. Mwingereza alipoondoka aliacha lugha yake kwetu, kama mtu anavyoacha mzigo kwenye ghala la forodha. Sasa anataka ripoti. Mzigo umelowana wapi? Umepungua kiasi gani? Nani kaufungua? Huo uzamili mnaousikia ni ukaguzi. Mkwe anakwenda kuwa afisa forodha wa maneno.

— Na hiyo "ya kisasa"? aliuliza Restuta.

— Ya kisasa maana yake haina mwisho. Mwandishi anafika katikati ya safari, anazima injini, anashuka, anakuachia wewe funguo. Nilinunua kitabu kimoja pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikadhani kurasa zimechanwa, nikamrudishia muuzaji, tukagombana mpaka watu wakajaa.

Dizeli akacheka hadi ubao ukayumba juu ya ringi zake.

— Mimi siiogopi hiyo ya kisasa, alisema. Naogopa utamaduni. Akirudi na utamaduni wa kule, mzee wetu atanyweshwa chai saa kumi kamili, mbwa atalala kitandani, na kwenda chooni mtapanga foleni. Wazungu wale wanapenda foleni kuliko chakula.

— Basi wangehamia Tunduma, alisema Restuta. Wangelia kwa furaha.

Hilo lilimchekesha hata Mizani, lakini juu juu tu. Chini yake kulikuwa na hofu ambayo hajawahi kumwambia mtu. Mkwe yule alikuwa mtu wa adabu. Alipita uani ameinamisha kichwa, aliondoka kibarazani kabla mzee hajafika. Sasa mtu aliyefundishwa kufungua boliti za watu wa mbali, akirudi si ataifungua na nyumba hii? Na akishaifunga upya, itatembea vizuri, na yeye Nikodemo ndiye boliti itakayobaki mkononi.

— Baba, hebu niambie, alisema Restuta, akipepea mkaa. Hicho kicheko kilikuwaje?

— Kizito. Cha kutoka tumboni.

— Kama anavyocheka siku zote?

Mizani akaweka kikombe chini. Alirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, tangu arusi, akitafuta.

— Sijawahi kumsikia akicheka.

Barabarani lori moja liliwashwa, likasogea hatua chache, likazimwa.

Enzi zake Mizani alilijua kwa macho gari lililozidishiwa mzigo kabla halijakanyaga mizani: springi zinalala, gari linatembea kimya, linakuja kwa adabu. Alijisifu kwa jicho hilo. Na huyu alipita mbele yake kila siku, uani, kimya, kwa adabu, naye akaona ni tabia njema tu.

— Dar kesho alfajiri! Kiti kimoja, cha dirishani, kimoja tu!

Alikuwa Fides, wakala wa mabasi, anakuja na mashine yake ya tiketi kifuani. Hajazoeleka kijiweni, kituo chake ni upande wa stendi, na leo abiria wamemleta huku.

— Shikamooni wazee. Nani anasafiri?

— Kikate hicho, alisema Mizani. Sauti ilitoka kabla hajaipanga.

— Unasafiri mzee?

— Mkwe wangu anakwenda kusoma.

— Mwebantu! Kontena alipiga kelele ya shangwe kwa lugha ya ng'ambo, Zambia, akarusha kofia juu. Dizeli akampigia mzee saluti kwa spana.

— Hongera sana, alisema Fides, kidole kikiwa juu ya mashine. Abiria anaitwa nani?

Kontena akamtazama Dizeli, Dizeli akamtazama Restuta.

— Andika Mama Ipyana, alisema Kontena, kwa jina la mtoto wake.

— Mashine haitaki mama wa mtu. Jina la kwenye kitambulisho. Njiani wanakagua.

— Wanangu wanamwita Madam, alisema Dizeli.

— Madam nani?

— Madam wa Kiingereza.

Fides akamgeukia Restuta. Restuta akafuta mikono kwenye kitenge, macho chini.

— Mimi namwita jirani, alisema.

— Haa! Mzigo wake wa masomo mmeupakua wote hapa, nimewasikia tangu kule kona. Na jina lake hamlijui?

Mizani alilijua. Alilisikia siku ya arusi mchungaji alipolitamka, likagonga bati la kanisa la Moravian na kurudi. Akatoa simu, akampigia mkewe, na kwa kuwa masikio yake hayamsaidii sana, akaweka spika.

— Mama Lusajo, hebu mtajie huyu binti jina la mkweo.

— La nini?

— La tiketi.

Kigelegele kikakwaruza spika, mpaka utingo mmoja kwenye foleni akachungulia dirishani.

— Haya taja basi, alisema Mizani.

— Sitaji. Taja mwenyewe.

— Unajua siwezi.

— Na wewe unajua usiku alicheka nini? Amenisimulia asubuhi. Kwenye kitabu chake kuna wazee wawili wa Kiingereza wanakaa nyumba moja, hawasemeshani. Kila mmoja anazungumza na paka. "Paka, mwambie huyo chai imepoa." "Paka, mwambie sitaki." Miaka na miaka, paka amekaa katikati anawatazama tu. Tumecheka, maziwa yamemwagika jikoni. Sasa nisikilize, Baba Lusajo. Paka amechoka.

Simu ikakatwa.

Kijiwe kilipasuka kwa kicheko. Kontena alishuka kwenye ubao akakaa chini kabisa, machozi yakimtoka.

— Kumbe hata Wazungu wana transiti!

— Na mizigo yao inakwama vilevile! alisema Dizeli.

Mizani aliwatazama, akitaka kukasirika. Badala yake kitu kikamtoka tumboni, kizito, na kilipofika nje alikitambua: ni kilekile cha usiku, uzito uleule.

— Mzee, kiti kitachukuliwa stendi, alisema Fides. Anaitwa nani?

Kicheko kikatulia. Restuta akaacha kupepea. Mzee Nikodemo akasimama, akavua kofia kama siku ile kanisani, akakohoa kidogo kusafisha njia.

— Alinanuswe, alisema. Alinanuswe Ombeni.