Bosi Ananunua Januari

Kijiwe cha Verlyn na wenzake wawili ni benchi la ndani ya kituo cha mafuta, kando ya birika la kahawa, maana Januari ya Wisconsin nje hakukaliki. Wote watatu ni wastaafu wa kiwanda cha mashine za kuondoa theluji, na wote wana hisa zake. Asubuhi hiyo Verlyn alikuwa na moyo mzito. Kampuni ilikuwa imetangaza tena kwamba inanunua hisa zake yenyewe, bei ikiwa juu ajabu, na mkewe Greta, ambaye magoti yake yameshaikataa baridi, alitaka auze wahamie Arizona kwa binti yao. Greta alikuwa nje garini, anasubiri jibu.

— Kiangazi hisa zilikuwa za kutupa, hawakugusa, — akalalamika Verlyn. — Leo ziko mawinguni ndiyo wananunua. Kwa nini?

— Marupurupu ya bosi yanafuata bei, — akasema Duane, aitwaye Wolstriti, kama ule mtaa wa hisa wa New York, kwa kuwa aliwahi kupotea huko siku nzima. — Akinunua, bei inapanda, naye anavuna. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Methali hiyo inahusu nini hapa? — akauliza Verlyn.

— Ifikirie polepole, mzee.

Norbert, wanayemwita Askofu kwa mahubiri yake, akatikisa kichwa.

— Bosi ni mpweke tu. Atanunua mpaka ibaki hisa moja duniani. Ikiwa ni yako, Verlyn, kiwanda chako. Mvumilivu hula mbivu.

Verlyn akajiona mwenyekiti, anaongoza mkutano mkuu peke yake, anajipigia kura, anajipinga, anajitoa nje. Ilimpendeza kuliko alivyotaka kukiri.

Mlango ukafunguka. Greta aliingia akichechemea, theluji mabegani, akawauliza mashine ya theluji wao hununua lini.

— Julai, — wakajibu pamoja. Julai huuzwa bei ya bure, mji mzima unajua.

— Na ya zamani mnaiuza lini?

— Januari, theluji ikifika magotini.

— Na anayekuja mbio kununua Januari, mnamwitaje?

— Bwege, — akasema Askofu, wakacheka.

— Haya. Bwege yuko mlangoni na pesa mkononi. Nyinyi mnamsubiri nani?

Askofu alianza methali, ikamwishia njiani. Wolstriti akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Na mwenyekiti atakuwa nani? — akauliza Verlyn, huku akitafuta kofia yake.

— Waachie hawa wagombanie kiti, — akajibu Greta.

Gari likaondoka. Wale wawili wakabaki wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake auze kwanza.