Mita Nne kwa Jina la Mbarka Ayari

Wasifu huu umesomwa na Najiba, binti wa kaka yake, siku ya arubaini.

Marehemu Mbarka Ayari alizaliwa tarehe 3 Aprili 1956 huko Makthar, Tunisia, mtoto wa tatu wa Mzee Lazhar na Bi Wasila. Alisoma miaka minne tu, kisha baba yake akamtoa akachunge kondoo. Hata hivyo saini yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu wake, naye alilijua hilo.

Mwaka 1977 aliolewa na Bwana Amara, fundi wa mawe, aliyefariki mwaka 2001. Hawakujaliwa mtoto. Kwa miaka ishirini na sita marehemu alipika katika shule ya msingi, ambako watoto walimwogopa kuliko mwalimu mkuu na kuugombania mchuzi wake wa dengu.

Nyumba yake ndiyo pekee mtaani iliyokuwa na hati, na bila hati hupewi umeme. Majirani watatu walimjia, mmoja baada ya mwingine. Akawawekea saini ya mita kwa jina lake, kana kwamba nyumba zao ni vyumba vya uani kwake.

Mwaka 2021 daftari la wasiojiweza liliunganishwa na la umeme, ili msaada uwafikie wanaostahili. Kadi yake ya matibabu ya bure, aliyopatia dawa ya kisukari, ikafungwa. Najiba alimsindikiza ofisini.

"Mama, kompyuta inasema una nyumba nne," karani alimwambia.

"Basi iulize, mwanangu, yenye insulini ni ipi."

Karani alicheka, kisha akamweleza: afute mita tatu, kadi itafunguliwa. Majirani walikuja kumtolea ushahidi, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuuandika.

"Shangazi, zifute," Najiba alimsihi njiani.

"Niwazimie taa watoto wa watu? Tembea, mguu unaniuma."

Dozi ya siku moja akaigawa kwa siku mbili, kwa siri. Oktoba 2022 alikatwa mguu wa kushoto. Alifariki hospitalini tarehe 9 Januari 2023, baada ya adhuhuri.

Ameacha kaka yake Tijani, Najiba, na majirani wa nyumba tatu. Daftari la vifo nalo limeshaunganishwa: wiki iliyopita mita zote nne zilikatwa siku moja. Ndiyo maana leo tunasoma karibu na dirisha.

Mola alitie nuru kaburi lake.