Kaka Yetu Kufuli na Bomu la Kutishia

Ndugu, jamaa, marafiki, na nanyi mliokaa viti vya nyuma ambao hakuna aliyewatambulisha, poleni kwa msiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa dereva wa treni. Jina la Kufuli alipewa na mama, siku taa ya jirani ilipovunjwa. Kaka alimwona aliyeivunja, akachapwa yeye, na hakumtaja. Mpaka leo namshuku dada yetu mkubwa, na ananisikia.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uchomeleaji mwaka 1982. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na kiwanda cha serikali chenye ukuta mrefu, tulichoambiwa kinatengeneza matangi ya maji. Ya maji! Siku serikali ilipotangaza redioni kwamba nchi ina mabomu ya nyuklia, sote tulimgeukia. Akasema, "Mimi ni wa matangi," akaendelea kula.

Mwaka 1988 alimuoa wifi yangu, muuguzi, mwanamke asiyemung'unya maneno. Kila Jumapili baada ya chakula walibishana.

"Bomu limetuletea amani," Kufuli alisema. "Nani amethubutu kutugusa?"

"Wodini kwangu watoto wanalala wawili kitanda kimoja. Kama kazi yake ni kutishia tu, si mngetengeneza la bati?"

"La bati adui atalijua."

"Atalijuaje, na sisi wenyewe hatujui?"

Kaka alicheka mpaka machozi. Kisha wifi alimpima presha, asije akaambiwa amemuua mume kwa maneno. Haikuwahi kupanda.

Januari 2019 alianza kutoka damu puani. Akakonda, akawa na michubuko bila kugongwa. Kiwanda kilimpeleka hospitali yake chenyewe na kutuambia ni uchovu. Majibu ya damu hatukuonyeshwa. Alifariki tarehe 14 Juni. Cheti kimeandikwa presha. Juzi walikuja mabwana wawili, wapole kupita kiasi, wakaomba na sisi tuandike hivyo katika ratiba hii ya mazishi. Wema wa namna hiyo mimi siuamini.

Wifi aliwakaribisha chai, akawaambia, "Mume wangu nilikuwa nampima kila Jumapili, tena ubishi ukiwa umepamba moto. Presha gani hiyo?"

Mmoja akaongeza sukari kwenye chai.

"Miaka yote kaambiwa, na yeye akaniambia, kwamba bomu letu halijaua mtu. Haya, nielezeni. Huyu tunayemzika kauawa na nini?"

Waliaga, na chai hawakuimaliza. Kwa hiyo chanzo cha kifo hatukukiandika katika ratiba hii. Daktari tuliyemtafuta wenyewe amekwisha kuchukua sampuli, na majibu yakitoka yatasomwa hadharani, yawe yoyote yale. Tunaogopa, sitaficha. Lakini kumzika kaka yetu na uongo juu yake hatuwezi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake watatu. Ameacha pia mafundi wenzake wa kuchomelea, ambao baadhi yao nawaona hapa. Tunawaomba mkapime damu, na msipime kiwandani.

Mungu ampe Kufuli amani isiyohitaji kulindwa na kitu chochote.