Nani Atamzungumzia Kanali Dhiyab

Benchi lenyewe ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa tanuri la mikate la Umm Sayil, pale Karak, ambapo jua la kipupwe hufika saa nne na kuondoka saa nane. Wanaolikalia ni watatu, na kwa midomo wanatosha kuwa kumi na watatu. Redio, kwa jina la utani, ni kinyozi Awwad, hazimiki. Injinia ni Mutlaq, fundi wa majiko ya mafuta, ambaye hajakutana bado na kitu asichojua kilivyoundwa. Na Gia ni Abu Ghalib, sajini mstaafu, aliyekuwa dereva wa marehemu Kanali Dhiyab. Siku hiyo Gia alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na karatasi tupu. Ilikuwa arubaini ya Kanali. Baada ya alasiri mji mzima ungejaa ukumbi wa ukoo kumkumbuka, na msemaji alikuwa yeye. Alijitakia. Kule matangani, mbele ya watu, alimwambia mjane, kwa jina la heshima wanaloitwa maofisa wa jeshi huko, "Mimi na basha tulikuwa ndugu, niachieni mimi nimzungumzie." Kweli yenyewe ni kwamba alimwendesha miezi minne, na kwa miezi yote minne basha alisema "kulia", "kushoto" na "punguza".

— Nisaidieni, jamani, alisema Gia, karatasi gotini. Nina robo saa ya kujaza na maneno matatu.

— Anza na vita, alisema Redio, huku akimimina kahawa. Basha alisimamisha kifaru peke yake.

— Kwa silaha gani? aliuliza Gia.

— Kwa macho. Mimi nilikuwa namnyoa, bwana. Akinitazama kwenye kioo, wembe unatetemeka.

— Wembe au mkono wako? aliuliza Injinia.

Gia aliandika "kifaru", akaweka alama ya kuuliza, halafu akaifuta.

— Sasa njoo kwenye kile chuo cha udereva alichofungua alipostaafu, alisema Injinia. Mlidhani chuo? Kile kilikuwa kikosi. Mwanafunzi akiingia garini anatoa ripoti: "Kioo tayari, basha. Mkanda tayari, basha." Mke wangu mpaka leo hawashi gari bila kuripoti.

— Mkeo alifeli mara nne, alisema Redio.

— Alifelishwa kwa sababu za kijeshi, alisema Injinia. Hizo hatuwezi kuzijadili hapa.

— Halafu serikali ikampa idara ya maji, alisema Redio. Siku ya kwanza tu akaamuru matangi yote ya paani yatazame mashariki.

— Na maji yakaja? aliuliza Gia.

— Hayakuja. Lakini yalikosekana kwa utaratibu.

Gia aliandika hilo haraka haraka.

— Usisahau nyuki, alisema Injinia, sauti ameishusha. Mtu wa Karak anafuga nyuki Ajlun, mwendo wa nusu siku, kila Alhamisi, kwa nini? Nitakwambia. Nyuki anavuka mpaka bila pasipoti. Anakwenda, anaona, anarudi. Basha akisikiliza mlio wao anaandika ripoti.

— Sasa unatupiga kamba, alisema Gia.

— Kamba? Nyinyi mlikuwa mnamwita kanali. Hicho ni cheo tulichoonyeshwa tu, cha kweli kilifichwa.

— Basi mizinga ilikuwa arobaini, alisema Redio, asiyependa kupitwa, na kila mzinga una namba ya siri. Na malkia wa kila mmoja alikuwa na cheo.

Karatasi ya pili ilijaa. Gia alisimama, akakunja ndita, akajaribu sauti ya ukumbini.

— Nikamwambia, "Basha, pumzika." Akanishika bega akaniambia, "Abu Ghalib, nchi hailali..."

Alikuwa ameanza kuyaamini mwenyewe pale pikapu kuukuu iliposimama mbele ya tanuri. Akashuka mtu mnene mwenye nta kwenye suruali, amekumbatia kopo la asali.

— Salaam, wazee wangu. Naitwa Jiryis, natoka Ajlun. Nimekuja kwenye arubaini, naulizia nyumba ya marehemu Kanali Dhiyab. Tulikuwa tunafuga nyuki pamoja.

Walimwonyesha. Injinia aliitazama ile nta kwa makini, kisha akainamia kikombe chake.

— Hili ndilo benchi la tanurini? aliuliza Jiryis, uso ukamfunguka. Basi nyinyi ndio rafiki zake. Kila Alhamisi alikuwa ananisimulia: kinyozi kasema hivi, fundi kamjibu hivi. Tunacheka mpaka nyuki wanakasirika. Hebu nionyesheni, yeye alikuwa anakaa upande gani?

Redio alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Gia.

Miaka kumi na tisa Kanali alipita hapo kila asubuhi, mikate kwapani, hatua za polepole ingawa alikuwa na afya yake. Nao kila akipita walisimama wote watatu wakasema, "Karibu, basha." Mara moja tu. Na Karak mzima unajua mtu hakaribishwi mara moja tu. Ya kwanza ni adabu tu, ya pili ni heshima, na ya tatu unamshika mkono unamwapia, ndipo anakaa. Lakini ungemsengenya nani, basha akiwa ubavuni pako? Kwa hiyo alisema "asanteni", akapita.

— Mwambie katikati, alinong'ona Redio.

— Hakukaa, alisema Gia. Alikuwa anapita.

— Aliniambia mlikuwa mnamkaribisha kila siku.

— Tulimkaribisha. Mara moja.

Jiryis ni mtu wa nchi hiyo hiyo, alielewa. Alihamisha kopo kutoka mkono huu kwenda ule.

— Ulikaa naye miaka mingapi? aliuliza Gia.

— Kumi na mmoja.

— Na alikuwa anazungumza?

— Dhiyab? Hanyamazi yule.

Gia alizikunja karatasi zake mbili, akaziweka chini ya birika.

— Twende. Wewe ndiye utakayemzungumzia leo ukumbini.

— Mimi? Mbele ya watu wa Karak? Hapana, ndugu yangu.

— Nakuomba.

— Hapana, nyinyi ndio mliokuwa naye mji mmoja.

Gia akamshika mkono.

— Wallahi hutoki hapa bila kukubali. Mjane nilimdanganya mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitamwambia ukweli. Wewe simama tu, useme. Na usiharakishe. Nami nataka kumjua.